Huntly: mashine ya 1, 2, 4, 5 na 6. Ya 3 iko wapi?

Msafiri wa Te Huia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Hamilton, New Zealand, huu mwaka wa sita. Mara mbili kwa wiki napanda treni ya Te Huia kwenda Auckland, na kila ikisimama Huntly natazama ng'ambo ya mto Waikato. Kwenye ukingo wa magharibi kuna kituo cha umeme chenye dohani mbili, kila moja ina urefu wa mita 150. Ndicho kituo kikubwa kuliko vyote nchi hii, kinachoma makaa ya mawe na gesi. Mwenye mali ni Genesis Energy, kampuni ambayo serikali inamiliki asilimia 51.

Kinachonikosesha raha ni namba. Mashine zilizopo ni ya 1, 2, 4, 5 na 6. Ya 3 haimo. Nilimuuliza jirani yangu, mzee wa hapa hapa, akaniambia waliizima zamani kwa sababu makaa yamepitwa na wakati. Haya, kama makaa yamepitwa, mbona makaa ya Indonesia yanashushwa bandari ya Tauranga na kuletwa Huntly kwa treni? Na kama hayajapitwa, kwa nini waliua mashine ya megawati 250?

Wenye kujua mitambo, naombeni msaada.

---

FundiMvuke

Mkuu, umenigusa penyewe. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya gesi Dar miaka 22 kabla ya kustaafu, na Huntly nimeisoma sana kwa sababu ni kituo chenye mashine za vizazi vitatu mahali pamoja.

Tuanze na familia yenyewe. Ujenzi ulianza 1973 ukamalizika 1985. Mashine ya 1 hadi ya 4 ni mapacha: kila moja ina boila yake, turbini ya mvuke na jenereta ya megawati 250. Jumla megawati 1,000. Boila zile zinaweza kuchoma makaa au gesi. Mwaka 2004 ikaja mashine ya 6, ndogo, megawati 50 hivi, inatumia gesi au dizeli. Mwaka 2007 ikaja ya 5, megawati 403 kwa sasa, gesi tupu.

Ya 3 ililazwa mwishoni mwa 2012, na 2015 ikastaafishwa moja kwa moja. Kwa hiyo jirani yako yuko sahihi kwamba ilizimwa. Sababu ndiyo siafikiani naye.

---

Kipanga wa Moshi

Subiri kwanza. Ya 6 imekuja kabla ya ya 5? Hawa watu walihesabu kwa mkono upi?

---

FundiMvuke

Ya 5 ilikuwa mradi mkubwa uliochukua muda mrefu kujengwa. Ile ya 6 ni turbini ya aina ya injini ya ndege, inakuja karibu imekamilika, unaifunga, unaiunganisha na bomba la gesi. Ilitangulia kuwaka.

---

Bi Zuhura

Naomba kuuliza kitu ambacho wengine mnakijua. Mnasema ya 5 ina megawati 403 peke yake na zile za zamani 250. Hiyo tofauti ni ukubwa tu au zinafanya kazi tofauti?

---

FundiMvuke

Dada, zinafanya kazi tofauti kabisa.

Zile za zamani ni kama birika kubwa sana. Unachoma makaa au gesi ndani ya boila, maji kwenye mabomba yanageuka mvuke wenye shinikizo kali, mvuke unasukuma turbini, turbini inazungusha jenereta mara 3,000 kwa dakika. Mvuke ukishachoka unapozwa kwa maji ya mto, unarudi kuwa maji, safari inaanza upya. Katika joto lote ulilolipia, zaidi kidogo ya theluthi tu ndiyo inakuwa umeme. Kingine kinaishia mtoni na kwenye dohani.

Ya 5 inachoma gesi ndani ya turbini yenyewe. Hewa ya moto inayotoka nyuma ina nyuzi karibu 600. Badala ya kuitupa, wanaipitisha kwenye boila ya pili, inatengeneza mvuke, na mvuke unasukuma turbini nyingine. Mafuta yale yale yamefanya kazi mara mbili. Hapo zaidi ya nusu ya joto inakuwa umeme. Kinyerezi II pale Dar, ile ya megawati 240, ni ya ukoo huo huo.

---

Kipanga wa Moshi

Sasa jibu si limeshapatikana? Walipata ya 5 inayokula kidogo, wakaua mlafi mmoja. Uzi ufungwe.

---

Olkaria Mzee

Pole pole, Kipanga. Ya 5 iliwaka 2007 na ya 3 ililazwa 2012. Miaka mitano hapo katikati walikuwa wanangoja nini?

Mimi ni Mkenya, kazi yangu ilikuwa mvuke wa ardhini Naivasha. Wengi wetu tulisomea Auckland, chuo kikuu cha kule kilikuwa na taasisi ya kufundisha mambo ya jotoardhi tangu mwisho wa miaka ya 1970. Kwa hivyo hii nchi naijua kiasi. Nawaambia kilichoiua nambari 3 ni mvuke wa ardhini. Angalieni miaka: Kawerau 2008, Nga Awa Purua 2010, Ngatamariki 2013, Te Mihi 2014. Hiyo yote ni mitambo inayofanya kazi usiku na mchana bila kununua hata kilo moja ya makaa. Na wakati huo huo matumizi ya umeme nchini yalikuwa yamesimama, hayapandi. Mashine ya makaa ikakosa kazi.

---

Msafiri wa Te Huia

Asante Mzee. Hiyo ya matumizi kusimama sikuijua.

Lakini basi kwa nini wasizizime zote nne?

---

Olkaria Mzee

Walitaka! Agosti 2015 walitangaza kwamba mashine zilizobaki za makaa zitazimwa Desemba 2018. Aprili 2016 wakasogeza hadi 2022. Kisha 2018 wakasema makaa yataachwa kabisa ifikapo 2030. Na 2025 makampuni manne makubwa ya umeme, Genesis, Meridian, Mercury na Contact, yakakubaliana kuzigharamia kwa pamoja ziendelee kukaa tayari kwa miaka 10. Mgonjwa ameagwa mara tatu na bado anakula.

---

Nahodha wa Tanga

Mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni boti, ila kuna kitu hamjakigusa. MTO.

Rafiki yangu aliyekuwa baharia alipita huko, akaniambia Waikato una mikunga, na Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, wanaithamini sana. Maji ya moto yakimwagwa mtoni samaki wanakufa. Mashine nne zikipoza kwa mto mmoja, kiangazi itakuwaje?

---

FundiMvuke

Nahodha, darasa la saba gani hilo! Umepiga pale pale.

Kibali chao kinaweka ukomo: maji ya mto chini ya kituo yasizidi nyuzi 25. Siku za joto kali kiangazi, mto wenyewe unakaribia hapo kabla hata mashine haijawashwa. Inabidi wapunguze uzalishaji, na zimewahi kuwepo siku za kuzima. Ndiyo maana walijenga mnara wa kupozea unaotosha mashine moja ya megawati 250, ili hiyo iendelee hata mto ukiwa moto.

Kwa hiyo mashine nne kiangazi ni nne kwa jina tu.

---

Bi Zuhura

Na hao Wamaori walisemaje? Maana naona tunaongea kama kituo kilijengwa porini.

---

Msafiri wa Te Huia

Bi Zuhura, swali muhimu. Kituo kimepakana kabisa na marae ya Waahi, yaani uwanja na nyumba ya jamii ya Waikato-Tainui. Ujenzi ulipoanza walikuta kelele, vumbi, wafanyakazi wageni kwa mamia, na mto wao uliokuwa wa kuvua na kuogelea umegeuka kuwa wa kupozea mitambo. Robert Mahuta, aliyekuja kuwa kiongozi wa madai ya ardhi ya Tainui, alifanyia utafiti hasa athari za kituo hiki kwa watu wa Waahi. Kwao mto ni mzee wa ukoo. Hapa utasikia watu wazima wakiuongelea kama tunavyomwongelea babu.

Nakiri nilipoanzisha uzi nilikuwa naona dohani tu.

---

Kijana wa Mabela

Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu Oman umeme karibu wote ni gesi, na vituo kama Barka vimekaa ufukweni, vinapoza kwa maji ya bahari na vinatoa maji ya kunywa juu yake. New Zealand imezungukwa na bahari pande zote. Kwa nini waende kukaa kwenye mto?

---

FundiMvuke

Sababu ni makaa. Huntly ni mji wa machimbo. Boila iliwekwa jirani na shimo, kama mama lishe anayekaa karibu na gulio. Walichoma makaa ya pale pale, na gesi ikaja kwa bomba kutoka Taranaki, kisima cha baharini cha Maui kilichogunduliwa 1969.

Na cha ufukweni walikuwa nacho: New Plymouth, dohani yake mita 198, ndefu kuliko za Huntly. Kiliundwa kwa makaa kikaishia kuchoma gesi na mafuta. Kilifungwa miaka ya 2000, asbesto ikiwa moja ya matatizo yake.

---

Kijana wa Mabela

Basi jirani na shimo, halafu makaa yanatoka Indonesia?

---

Msafiri wa Te Huia

Ndiyo hapo sasa na mimi nilipokwama! Machimbo ya chini ya ardhi ya Huntly East yalifungwa 2015. Yamebaki ya wazi ya Rotowaro hapo karibu. Lakini mwaka 2021 nchi iliagiza zaidi ya tani milioni 1 kutoka nje. Mji wa makaa unanunua makaa.

---

Mteja Mwaminifu

Nyote mnazunguka. Hii ni biashara. Ukiwa na mashine nne umeme ni mwingi, bei inashuka. Ukiwa na tatu, bei inapanda. Ya 3 iliuawa ili bei isimame. Kokote duniani ni hivyo.

---

Olkaria Mzee

Mteja, ingekuwa hivyo wasingeilaza mwaka 2012 wakati umeme ulikuwa wa kumwaga na bei iko chini. Mtu anafunga duka wakati hakuna wateja, hafungi ili wateja waje.

---

Mteja Mwaminifu

Mzee, na 9 Agosti 2021 je? Msafiri, wewe ulikuwepo. Waambie.

---

Msafiri wa Te Huia

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumatatu, baridi ambayo sijawahi kuiona kabla. Saa moja jioni mke wangu anapika, hita inawaka, mtoto ana miezi minne. Umeme ukakatika. Tulimfunga mtoto na kanga mbili na blanketi, tukakaa kwenye gari na injini inaunguruma nje ili apate joto. Mimi nimekulia kwenye mgawo, giza silijui kama adui. Lakini giza la nyuzi sifuri ni kitu kingine.

Baadaye ilijulikana: matumizi yalivunja rekodi usiku ule, upepo ulitulia, na kituo cha maji cha Tokaanu kilipungua nguvu kwa sababu magugu yaliziba njia ya maji. Na Huntly mashine moja kati ya zile tatu kubwa ilikuwa imezimwa, haikuwashwa.

---

Mteja Mwaminifu

Umesikia Mzee? Mashine ipo, makaa yapo, mtoto anatetemeka.

---

FundiMvuke

Hapa lazima niseme kitu kwa niaba ya mafundi, maana watu wanadhani kuna swichi ukutani.

Boila iliyopoa kabisa huwezi kuiwasha saa kumi na moja ikakupa umeme saa moja. Chuma chake ni kinene. Ukikipasha haraka, upande wa ndani unatanuka kabla ya wa nje, kinapasuka. Shafti ya turbini ni tani nyingi za chuma, lazima izungushwe taratibu muda mrefu kwanza isije ikapinda. Inachukua saa nyingi. Uamuzi wa kuwasha mashine kwa ajili ya jioni unafanywa tangu usiku uliopita, na unafanywa kwa kubahatisha hali ya hewa. Ukiwasha na baridi isije, umechoma makaa bure na hakuna wa kukulipa.

Nimewahi kukaa zamu ya usiku nikisubiri joto lipande nyuzi chache chache, huku simu zinapigwa kutoka juu, "vipi, bado tu?" Hakuna kazi inayotaka subira kama hiyo.

---

Kipanga wa Moshi

Kwa hiyo Mteja na Fundi wote mko sahihi 😀

---

Mteja Mwaminifu

Hapana. Fundi ameeleza kwa nini haiwaki haraka. Hajaeleza kwa nini mwenye mashine ndiye anayeamua peke yake kama iwashwe.

---

Mama Neema

Wanangu, naomba nirudishe nyuma. Mimi nilikuwa na saluni Mwenge mwaka 2006, ule ukame wa Mtera. Mgawo wa saa nyingi kila siku. Nilinunua jenereta kwa mkopo, mvua ikanyesha, umeme ukarudi, jenereta ikakaa store miaka mitano nikiendelea kulilipa. Mwaka 2011 mgawo umerudi, naenda kuliwasha, limekufa. Panya wamekula nyaya.

Swali langu ni hilo. Mashine ya akiba nani anailipia miaka ambayo haitumiki? Maana nyie mnabishana nani aliua ya 3, mimi naona ya 3 ilikosa mtu wa kuilisha.

---

Olkaria Mzee

Mama Neema, shikamoo. Umesema kuliko sisi wote.

New Zealand ni nchi ya mabwawa, zaidi ya nusu ya umeme wake ni maji. Na mabwawa yao ni madogo kwa akiba, yanahesabiwa kwa wiki, siyo miaka. Mengi yako kisiwa cha Kusini, na majira ya baridi maji milimani yanaganda kuwa theluji wakati ule ule watu wanawasha hita. Mwaka wa mvua nzuri, Huntly haina kazi. Mwaka wa ukame, bila Huntly mnakaa gizani. Mwaka 1992 waliionja hiyo.

Sasa soko lao linalipa umeme uliouzwa. Mashine iliyokaa tayari bila kuuza hailipwi chochote, mpaka wenzake wakubali kuchanga. Ndiyo maana ya ule mkataba wa 2025.

---

Hesabu Hazidanganyi

Ule mkataba unataka akiba ya makaa ifike hadi tani 600,000. Tupige hesabu. Tuseme tani moja inatoa megawati-saa 2 na kidogo. Mashine moja ya megawati 250 ikifanya kazi saa 24 inatoa megawati-saa 6,000, yaani inakula kama tani 2,800 kwa siku. Rundo lote: mashine moja miezi saba, mashine zote tatu zikichoma kwa pamoja siku 70 hivi. Inatosha kuvuka majira ya baridi moja mabaya. Mawili mfululizo, haitoshi.

---

Nahodha wa Tanga

Rundo la tani laki sita linakaa nje linanyeshewa? Makaa yakikaa si yanawaka yenyewe?

---

FundiMvuke

Yanaweza, Nahodha, hasa makaa laini kama hayo. Wanayashindilia kwa mitambo mizito ili hewa isipite ndani, na wanapima joto. Rundo ni kama mnyama, linataka mchungaji.

---

Hesabu Hazidanganyi

Narudi kwenye ya 3. Mmesahau gesi. Maui ilianza kupungua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Boila zile zilikuwa zinaponea gesi ya bei nafuu, ilipopanda bei, kuchoma gesi kwenye boila inayopoteza theluthi mbili ya joto ikawa hasara wakati ya 5 iko pembeni inaitumia vizuri zaidi. Agosti 2024 gesi iliadimika hadi Methanex, wanaotengeneza methanoli Taranaki, wakafunga kiwanda kwa muda wakauza gesi yao kwa makampuni ya umeme. Bei ya jumla ilipita dola 800 kwa megawati-saa.

---

Mteja Mwaminifu

Na gesi iliadimika kwa sababu serikali ilipiga marufuku vibali vipya vya utafutaji baharini 2018.

---

Hesabu Hazidanganyi

Visima vilivyokuwepo vilikuwa vinakauka kabla ya 2018. Kisima kipya kinachukua miaka mingi tangu kutafutwa hadi kutoa gesi.

---

Mteja Mwaminifu

Na mwekezaji akishaona marufuku anaacha hata kutunza visima vya zamani. Marufuku yenyewe wameifuta 2025, wasingeifuta kama haikuwa na madhara.

---

Kipanga wa Moshi

Siasa imeingia, naenda kuchemsha chai.

---

FundiMvuke

Kabla hujaenda, na mimi nitoe dhana yangu juu ya ya 3, ni dhana ya fundi. Ukiwa na mashine nne mapacha zenye umri wa miaka 30, na kiwandani spea zake hazitengenezwi tena, unayo hazina. Mashine moja ikilala, nyingine tatu zinapona. Unachukua valvu, pampu, mota. Sisi tulikokuwa tulifanya hivyo, na mashine zilizobaki ziliongezewa maisha. Ya 4 nayo ililazwa 2013 lakini ikarudi kazini. Kati ya mbili zilizolala, moja iliamka. Nasema aliyelala moja kwa moja ndiye aliyewatolea wenzake viungo.

---

Olkaria Mzee

Dhana nzuri, lakini hiyo ni faida ya baada ya kifo. Haimwui mtu.

---

FundiMvuke

Mzee, ukishajua kiungo chake kitaokoa watatu, mkono unakuwa mwepesi.

---

Bi Zuhura

Na ya 5 ikiharibika je? Ndiyo kubwa kuliko zote.

---

Hesabu Hazidanganyi

Iliharibika. Katikati ya 2023 jenereta yake ilipata hitilafu, ikarudi Januari 2024. Na kwa kuwa turbini ya gesi na ya mvuke zote ziko kwenye shafti moja zikizungusha jenereta moja, hiyo jenereta ikifa umepoteza megawati 403 kwa mpigo. Miezi yote hiyo ni zile "birika" za zamani zilizobaki kuwa tegemeo.

---

Mama Neema

Kwa hiyo wazee ndio waliokoa nyumba.

---

Kijana wa Mabela

Naona kwenye taarifa za Genesis wanaziita hizo za zamani "Rankine". Ni kampuni ya Kijerumani?

---

FundiMvuke

Hapana kijana, Rankine ni jina la mhandisi wa Scotland, William Rankine, karne ya 19, aliyeeleza ule mzunguko wa maji kuwa mvuke na mvuke kurudi maji. Kule wamezoea kuziita hivyo mashine zote za zamani.

---

Msafiri wa Te Huia

Wakuu, nashukuru sana. Asubuhi hii nimepita tena na treni. Nilikuwa nimehesabu dohani mbili kwa mashine nne nikadhani mbili zinachangia moja. Nimeambiwa na abiria mwenzangu, aliyewahi kufanya kazi pale, kwamba ndani ya kila dohani kuna mabomba mawili, kila mashine na lake. Kwa hiyo moja kati ya mabomba yale manne limekaa baridi tangu ilipolazwa ya 3. Kwa nje huwezi kujua ni lipi.

Nikamuuliza kwa nini ya 3 na siyo ya 1. Akacheka, akasema "zamu yake ya matengenezo makubwa ilikuwa imefika, na hakuna aliyetaka kulipia." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema kila aliyefanya kazi pale ana jibu lake.

---

Olkaria Mzee

Hiyo sasa ni sababu nyingine tena.

---

Bi Zuhura

Februari 2023 walijaribu pia kuchoma vidonge vya mbao zilizokaushwa kwa moto badala ya makaa, kwenye mojawapo ya hizo hizo boila. Zikikubali mbao, rundo la Indonesia linaondoka. Nani ana habari za msitu wa kulisha boila hizo? Mimi ni mtu wa misitu, Mafinga, ningependa tuongelee hapo.

---

Nahodha wa Tanga

Na ile betri ya megawati 100 waliyoanza kuijenga hapo hapo kituoni, watampa namba gani? 7, au watamrithisha 3?